Mwizi wa Memori

Juni 11, 2001

Naanza kuandika leo, mimi Ndaki, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kitongoji hiki, ili kesho na keshokutwa asitokee mtu wa kuwadanganya wajukuu kwamba kompyuta ya kwanza nje ya maofisi ya Bariadi iliundwa na mwingine. Zile za maofisini zilikuja zimeshaiva, kama maandazi. Hii nimeiunda kwa mikono yangu. Nilikwenda Mwanza kwa fundi Constantine, nikamtazama akifunga moja asubuhi ile tu, nikamwambia basi, nipe vipande vyangu niende. Akasema, "Mzee, afadhali nikufungie." Nikamjibu kwamba mimi, darasa la nne, tena niliacha kwa sababu mwalimu aliona nakaribia kumpita, niliwahi kufunga injini ya kinu cha pamba kwa mshipa wa mbuzi, ikazunguka msimu mzima. Akanyamaza. Wanaojua kidogo hunyamaza haraka.

Kompyuta ni kwa ajili ya Milembe, binti wa dada yangu Lukresia. Amemaliza uhazili, vidole vyake vinapiga kibodi kama mvua ya mawe juu ya bati. Alitaka kwenda Dar kutafuta kazi. Nikasema mbele ya watu: haendi, kazi itamfuata hapa. Tangu soko lifunguliwe, makampuni ya pamba yamejaa kama inzi, kila moja na mizani yake, na wote wanataka barua na mikataba. Tutawachapia.

Baba yake, shemeji yangu Thomasi, akasema, "Haya shemeji. Isije ikawa kama ile pikipiki."

Watu wakacheka. Pikipiki ile ilikuwa na kosa la kiwandani, na Thomasi anajua.

Juni 13

Sanduku la kompyuta lina matundu kila upande kama chujio. Fundi gani anaacha matundu katika nchi yenye vumbi hili? Nimeyaziba yote kwa pamba nyeupe, daraja la kwanza, ya shamba langu mwenyewe. Constantine hakufikiria hilo.

Juni 14

Nimewasha jenereta, nimewasha kompyuta. Jambo la kwanza inahesabu memori. Namba zinakimbia kwenye monita kama ng'ombe wanaoingia zizini jioni, mpaka 131072, zinasimama. Zimetimia! Memori ni vijiti viwili vimechomekwa kwenye bodi, kila kimoja kwenye mfereji wake, nusu kwa nusu. Bila hivyo mashine haikumbuki hata jina lako.

Nyanjige, mke wangu, kauliza, "Sasa inakumbuka nini?" Nimemwambia akapike.

Juni 27

Barua kumi na moja. Milembe anafanya kazi. Wanakuja hata wa Mwandoya.

Julai 4

Ununuzi wa pamba umefunguliwa. Pamba yetu imejaa chumba cha mbele mpaka dirishani, kompyuta nimeiachia kona. Wanawake wanakaa humo humo wakichambua, nyeupe huku, yenye madoa kule. Manyoya yanaruka hewani, unapiga chafya unatoa uzi.

Julai 12

Imeganda. Milembe yuko katikati ya mkataba wa watu, monita ikawa ya bluu, maandishi yakapotea. Mkataba wote! Yule karani wa kampuni kasimama pale anatazama saa yake, na mimi kamanda nasimama kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

"Mjomba," Milembe anasema, "inahema. Shika hapa. Toa hiyo pamba kwenye matundu."

"Mbuzi anahema. Sanduku halihemi."

"Mjomba, ni joto."

Nimemwambia nilishalala siku tatu juu ya tanuru la matofali, Lagangabilili, nikiwinda mwizi wa ng'ombe, na sikuganda. Akainama akaanza mkataba upya. Sipendi anavyoinama. Ni kuinama kwa baba yake.

Julai 13

Imeganda tena.

Julai 19

Imeganda mara mbili. Nimeongeza pamba, huenda vumbi linapita.

Agosti 8

Nane Nane. Wageni walijaa uani, pombe ilikuwepo, nyama ilikuwepo, na kama kawaida wakataka kuiona kompyuta. Nikafanya ninavyofanya kila wakija watu: nafungua sanduku, nachomoa kijiti kimoja cha memori, nawapitishia. "Shikeni ubongo." Wanakishika kama kifaranga. Mzee mmoja wa Lamadi alikinusa. Thomasi alikuwa wa mwisho. Alikishika muda mrefu, akakigeuza, akakiweka mbele ya macho. Shemeji yangu huyu anatengeneza redio kwenye magulio, basi anajiona.

"Kitu kidogo hivi," akasema.

"Kidogo kwa anayetazama redio," nikamjibu. Watu wakacheka, safari hii upande wangu. Nikakichomeka nikafunga sanduku. Nilikuwa na furaha leo, naandika ili ijulikane.

Agosti 9

NIMEIBIWA.

Asubuhi nimewasha, namba zikakimbia, zikafika 65536, zikasimama. Nikazima, nikawasha. 65536. Nusu! Nusu ya zizi imeondoka! Nikafungua sanduku. Vijiti viwili vipo, vimekaa sawa kama fahali kwenye nira. Basi hapo ndipo akili ya kamanda inapofanya kazi. Mwizi wa kawaida anachukua ng'ombe anaacha pengo. Mwizi mjanja anachukua dume anaacha ndama wa rangi ileile, ili mwenye zizi ahesabu miguu tu. Nimeshawakamata wa namna hiyo. Huyu amebadilisha. Ametia kijiti chake kilichokufa, ameondoka na kizima.

Na nani alikuwa wa mwisho kukishika? Na nani hutembea na vipande vya redio mfukoni?

Milembe akasema, "Mjomba, tuvichomoe tuvijaribu kimoja kimoja."

"Ushahidi hauchezewi," nikamwambia.

"Baba hawezi."

"Kila mwizi ana binti."

Nisingeyasema hayo kama nisingekuwa na hasira. Lakini nilikuwa nayo, na bado ninayo. Nilitoka uani nikapuliza filimbi, nikapiga mwano, yowe la kuitana kufukuza mwizi. Mwano wangu unasikika mpaka ng'ambo ya mto, watu wanajua. Kabla jua halijapanda walishafika na pinde zao, wengine hawajanawa uso, wanauliza ng'ombe wamekwenda upande gani. Nikawaambia si ng'ombe, ni memori. Wakatazamana. Nikawaeleza inavyohesabu, nikawaingiza wakaona namba inavyosimama njiani. Hapo wakaelewa. Hesabu isiyotimia kila Msukuma anaielewa.

Agosti 10

Kikao. Thomasi aliketi katikati, chini, peke yake. Sayi, ntemi, yaani mkuu wetu wa sungusungu, ndiye aliyeongoza. Sayi ni mdogo kwangu, mimi ndiye niliyemfundisha kushika upinde, lakini ana kichwa cha baridi ndiyo maana wakampa utemi.

"Thomasi, ulikishika?"

"Nilikishika. Ninyi wote mlikishika."

"Ukakifanya nini?"

"Nikamrudishia mkononi. Kila mtu aliona."

"Ukamrudishia kilekile?" nikaingia mimi.

Akanigeukia. "Shemeji, redio haina memori. Ningekipeleka wapi? Ningekila?"

Watu wachache wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Nilisimama nikasema maneno yote. Nikataja pikipiki. Nikataja jinsi anavyonikejeli tangu alipooa kwetu. Nikaapa kwa upinde wa baba yangu kwamba sanduku lile halijaguswa na mkono mwingine, na kwamba kijiti kimoja ni changu na kingine ni mfu wake. Mimi nikiapa, watu wanaamini. Nimewarudishia ng'ombe wao wengi.

Sayi akatoa hukumu ya desturi: atengwe mpaka arudishe. Hakuna kumsalimia. Hakuna kumpa moto wala maji wala mkokoteni. Nyumba yake hali kadhalika.

Thomasi akasema, "Nitarudishaje kisichokuwa kwangu?" Hakuna aliyemjibu. Hukumu ilikuwa imeshaanza.

Agosti 11

Milembe hakuja. Nilimkuta kisimani akimngoja kila mtu achote aondoke.

"Njoo kazini," nikamwambia. "Wewe hukumu nimekutoa."

"Kama baba hasalimiwi, na mimi sisalimiwi," akasema. "Mjomba unavunja sheria yako, nenda."

Agosti 15

Kijiti cha Thomasi nimekiacha palepale, ushahidi. Nachapa mwenyewe. Kibodi imepangwa na mlevi. A iko pembeni, M iko chini kabisa. Barua moja asubuhi nzima.

Agosti 22

Lukresia, dada yangu wa tumbo moja, amepita mbele ya nyumba. Nyanjige alikuwa anafagia. Wale wamesalimiana kila asubuhi tangu Nyanjige aolewe: mwangaluka, mwangaluka, umeamkaje, watoto je, mpaka unachoka kusikiliza. Leo ufagio tu. Nyanjige akaingia ndani akanitazama.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, kamanda."

Hajawahi kuniita kamanda. Mimi ni Baba Elia.

Agosti 30

Imeganda.

Septemba 3

Sasa imekataa kabisa. Nilitikisa sanduku kidogo tu, kwa hasira ya haki, ikaanza kulia: piii, piii, piii, ndefu ndefu, monita nyeusi. Haihesabu hata moja. Wateja wawili wameondoka wakinidharau. Nani kaiba sasa? Thomasi hajakanyaga hapa tangu Nane Nane. Nimemuuliza Nyanjige kama amegusa. Kanitazama vilevile.

Nimefikiri ni uchawi. Halafu nikafikiri ni Constantine kanipa vipande vibovu vya Dubai. Halafu nikafikiri, kama ni vibovu tangu mwanzo, basi Thomasi. Nikaacha kufikiri. Nimempiga teke mbwa, ambaye pia sasa hanisalimii.

Septemba 6

Nimeikandamiza bodi kwa dole gumba, imewaka. 65536.

Septemba 12

Makampuni yanaanza kuondoka. Kituo cha kwanza cha kununulia pamba kimefungwa. Keshokutwa cha pili. Pamba ya Thomasi ipo yote nyumbani kwake, haijachambuliwa, maana uchambuzi ni kazi ya majirani na yeye hana majirani. Mkokoteni hana. Nimepita, si kwa makusudi, njia ni ya wote. Niliwaona Thomasi na Lukresia na Milembe wamekaa watatu katikati ya rundo refu kuliko wao. Hawakuinua uso. Mvua ikiwakuta humo itaoza, na mwaka wao wote umo humo.

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani. Kwa nini asirudishe tu yaishe? Mtu gani anaacha jasho lake lioze kwa ajili ya kijiti?

Mtu ambaye hana hicho kijiti. Hilo wazo lilikuja lenyewe, sikuliita.

Septemba 13

Leo naandika yote, na asiyependa asisome.

Asubuhi Elia, mwanangu mkubwa, alikuwa shambani na ng'ombe wa plau, anawafundisha kabla ya mvua. Plau ikawa inavuta upande, inaandika mstari kama nyoka. Elia akaanza kumchapa fahali wa kulia. Nikampigia kelele: mjinga wewe, utampigaje kabla hujajua? Mfungue mmoja, mwache mwingine avute peke yake. Kisha wabadilishe pande. Tatizo likimfuata ng'ombe, ni ng'ombe. Tatizo likibaki upande uleule, ni nira! Hiyo ni elimu ya mtoto mdogo, baba yangu alinifundisha kabla sijaota meno ya pili.

Nilikuwa bado nimenyoosha mkono nilipojisikia ninavyosema.

Nikaenda nyumbani. Sikukimbia. Nikawasha jenereta, nikafungua sanduku, nikachomoa vijiti vyote viwili. Kile nilichoapa ni changu nikakichomeka kwenye mfereji wa kwanza, peke yake. 65536. Nikazima. Nikakitoa, nikachomeka kile nilichoapa ni mfu wa Thomasi, mfereji uleule wa kwanza. Nikawasha huku nikiomba kisihesabu. Naandika hivyohivyo: niliomba. Namba zikakimbia, 65536, zikasimama safi kabisa.

Nikakihamishia mfereji wa pili. Piii, piii. Nikaweka kile kingine hapohapo. Piii, piii.

Fahali wote wazima. Ni nira.

Nikachukua tochi nikainama. Ndani ya ule mfereji wa pili, chini kabisa, ulikuwa umeshindiliwa uzi wa pamba. Nyeupe, daraja la kwanza. Imetoka kwenye matundu niliyoziba, ama imeanguka nilipofungua sanduku chumba kikiwa kimejaa manyoya, nami nikaikandamiza kwa kijiti nilipokuwa nawaonyesha wageni ubongo. Nikaitoa kwa mwiba wa mgunga. Nikarudisha vijiti vyote viwili, nikawasha.

131072.

Nilizima nikakaa. Nyanjige akaja mlangoni.

"Imepona?"

"Imepona."

"Nani alikuwa ameiba?"

Nikamwambia akapike. Hakwenda. Alisimama palepale mpaka mimi nikaondoka.

Septemba 14

Kituo cha pili kimefungwa. Kimebaki kimoja, gari la mwisho linaondoka kesho. Ningeweza kwenda kwa Sayi polepole, nikasema kijiti kimerudishwa usiku na mtu asiyejulikana, hukumu ikaondolewa. Nililipanga vizuri, hata nyayo za mwizi nilizipangia zilikopita. Mimi kwa hadithi sijashindwa. Lakini hadithi hiyo ilimwacha Thomasi mwizi aliyerudisha. Niliizungusha kila upande, ikamwacha mwizi kila upande.

Nikatoka uani nikapuliza filimbi, nikapiga mwano.

Wakaja. Ni zamu ya gari la mwisho, kila mtu ana pamba yake, lakini mwano ni mwano. Sayi alikuja anahema.

"Wapi?"

"Mwizi wa memori nimempata. Ingieni."

Wakaingia na pinde zao. Nikamulika tochi, nikawaonyesha uzi wa pamba juu ya kiganja. Nikawaonyesha mfereji. Nikawawashia, wakaona hesabu inatimia.

Sayi akasema, "Kwa hiyo ni pamba."

"Pamba ndiyo mwizi," nikasema kwa sauti kubwa.

"Na aliyeiweka?"

"Upepo."

"Huo upepo, kamanda, unaitwa nani?"

Nilitazama huku na huku. Watu hawa nimewalinda miaka yote. Hakuna hata mmoja aliyecheka, na heri wangecheka.

"Ni mimi," nikasema. Nilisema kwa ukali, kama ninayemkamata mtu.

Sayi akahukumu hapohapo. Kila aliyeshika hukumu aende sasa hivi akamsalimie Thomasi kwa mdomo wake, yeye Sayi wa kwanza. Dume langu la madoa lichinjwe, liliwe uani kwa Thomasi. Kisha akanyoosha mkono. Sikuelewa anataka nini, mpaka nikaona anatazama shingo yangu. Filimbi. Niliivaa filimbi ile tangu kabla yeye hajaoa! Nilimwambia. Akasema, "Najua," na mkono ukabaki umenyooshwa. Nikaivua. Nina hasira naye, nitakufa nayo, na alifanya sawa.

Septemba 15

Nimefunga mkokoteni alfajiri, nikaenda kwa Thomasi na Elia na Nyanjige. Majirani walikuwa wameshajaa, wanachambua kwa mikono miwili wala hawasogoi. "Mwangaluka," nikasema. Lukresia akaitika, kwa pua. Thomasi hakuitika. Nikapakia. Tukakimbia safari nne na ng'ombe nusura wafe. Mtu wa mizani alianza kusema pamba imekaa sana, imepoteza weupe, nikamwambia mimi niliwahi kumkaba simba pori la Maswa kwa mpini wa jembe, apime. Alipima daraja la pili. Kidogo kilichobaki tulikirudisha, gari likaondoka.

Njia nzima Thomasi alitembea upande wa pili wa ng'ombe.

Septemba 24

"Mwangaluka, shemeji." Kimya.

Oktoba 1

Kimya. Pamba yote nimeitoa kwenye matundu. Haigandi. Lakini nani wa kuchapa?

Oktoba 9

Kimya. Basi nami simsalimii tena!

Oktoba 10

Nimemsalimia. Kimya.

Oktoba 17

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri. Nilikuwa nafuta kibodi kwa kitambaa nilipoona miguu mlangoni, ina tope. Thomasi. Nyuma yake Milembe, amejifunika mfuko kichwani. Anayefika ndiye anayesalimia, na hakusalimia. Alisimama kwenye kizingiti, ndani hakuingia, nje hakurudi.

"Anataka kuona," Milembe akasema. "Akiridhika ndipo nitaanza kazi."

Nikaweka kitambaa chini. Nikawasha. Namba zikaanza kukimbia. Thomasi akazifuata kwa macho na midomo inacheza, kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mwenzake wakiingia. Zikafika 65536. Zikapita. Zikaenda, zikaenda, zikasimama.

"Zimetimia?" akauliza.

"Zimetimia, shemeji."

"Una hakika? Usije ukaamka kesho ukapiga mwano."

"Zimetimia, Thomasi."

Akaendelea kuitazama ile namba. Milembe akapita chini ya mkono wake, akaketi, akavuta kibodi. Thomasi akafuta tope la mguu mmoja kwenye kizingiti, kisha wa pili.

"Mwangaluka," akasema.

Nikaitika upesi, kabla hajabadili mawazo.